Nyumba bila ardhi, talaka ikiingia

Wengi Malindi na Lamu huenda kwa kadhi kuomba talaka, wakishaipata ndipo wanauliza: na nyumba je? Dai la mali liandikwe tangu siku ya kwanza, pamoja na mahari yaliyobaki na masurufu ya eda.

Kwanza sababu. Mke asiyelishwa, anayepigwa, au aliyetelekezwa, ana njia ya faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa kosa la mume. Asikubali kusukumwa kwenye khului kwa sababu tu ni ya haraka, maana huko hujikomboa mwenyewe, mara nyingi kwa kurudisha mahari. Dhuluma hiyo inaonekana sana na inauma. Faskhi yataka ushahidi: fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, kama kuna kipigo, barua ya chifu, mashahidi wawili watatu wanaoyajua ya nyumbani. Ndoa za kanisani na za serikali zina Sheria ya Ndoa ya 2014, na hizo husikizwa kwa hakimu.

Sasa mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pesa, na pia kupika, kulea watoto na kusimamia biashara ya nyumbani. Muislamu anaweza kufuata sharia ya Kiislamu badala yake, na kwa kadhi mnaingia mkiwa Waislamu nyote na mmekubali mamlaka yake. Ila msidhani ni nusu kwa nusu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kila mmoja athibitishe mchango wake.

Hapo ndipo pwani panatuponza. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, tunalipa kodi ya ardhi tu. Hati ya ardhi haipo, na karatasi ya mauziano mara nyingi ina jina la mume. Kinachogawanywa ni jengo, ardhi haimo. Basi tafuta vitu vidogo: risiti ya korija mbili za boriti, yaani miti 40, taarifa ya M-Pesa ya malipo ya fundi, karatasi ya sonara ya siku ulipouza bangili ili mabati yanunuliwe. Risiti ikikosekana, fundi aliyepaua aje aseme nani alimlipa. Dhahabu ya mahari ni yako. Ukiitoa kwa ujenzi, sema ilikuwa mkopo au mchango, na muandikiane siku hiyo hiyo.

Kama aliijenga kabla ya kukuoa, nawe ukaongeza choo na vyumba viwili, chini ya sheria ya 2013 unadai kwa kadiri ya ulichoongeza.

Ukisikia anatafuta mnunuzi, usingoje. Ardhi yenye hati huwekewa zuio kwenye ofisi ya ardhi. Nyumba bila ardhi haina pa kuwekewa, kwa hiyo omba amri ya korti ya kuzuia uuzaji, kisha peleka nakala kwa mwenye ardhi na kwa mzee wa mtaa. Mnunuzi hana budi kupita kwao, maana kodi ya ardhi ataendelea kuilipa yeye.