Usilipe nauli kabla hujaiona boti

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: mtu wa Kigoma anayetaka kuvuka Ziwa Tanganyika kwa boti kwenda nchi jirani ajiandae vipi? Nitajibu kwa upande wa Kongo, hasa mji wa Kalemie, na nitaanza na nauli. Usiilipe yote mpaka uione boti ikiwa majini, mzigo umeshapakiwa na abiria wameshakaa. Mtu aliyelipa kila kitu jana yake hupanda hata akiona hatari, kwa kuionea uchungu hela yake. Toa kianzio kidogo cha kushika nafasi, basi. Na siku hiyo meli ikiwepo, panda meli, hata kama ni ya polepole.

Maandalizi yenyewe yanaanza wiki mbili kabla. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili avuke Jumatano amebeba karatasi tu. Kongo wanaitaka kadi hiyo kwa kila mgeni aliyefikisha miezi 9, mtoto wa mgongoni naye yumo. Tangu mwaka 2016 chanjo moja ni ya maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni miaka 10 bado ni halali, usichome nyingine kwa kutishwa. Habari za viza ulizia mapema kwenye konseli (ubalozi mdogo) ya Kongo, ipo hapa hapa mjini.

Kisha muhuri wa kutoka. Wapo wanaopakia usiku kwenye mialo midogo (fukwe za kutia boti) ili kukwepa foleni, na hao ndio wanaolala mahabusu ng'ambo, kwa sababu pasipoti haionyeshi wametokea wapi wala lini. Pita Uhamiaji, afya na forodha kabla hujagusa boti. Ukishagongewa, usiondoke dirishani hujausoma muhuri. Tarehe ikiwa imefifia, omba kwa adabu ugongewe tena.

Sasa ziwa. Wengi hudanganywa na upana wake. Kutoka hapa kunyoosha magharibi ni kama kilomita 50, lakini Kalemie haiko mbele yetu. Iko kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 120. Boti ya mbao inayokwenda kilomita 15 kwa saa itachukua saa 8, kukiwa shwari. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo hutoka kusini-mashariki, na ziwa hili lina urefu wa kilomita 673, kwa hiyo wimbi linalotufikia limekusanya nguvu kwenye mamia ya kilomita za maji matupu. Boti inayoelekea Kalemie inapigwa ubavu wa kushoto. Nahodha anayejua kazi hakubali ubavu. Hugeuza omo, yaani mbele ya boti, ilikabili wimbi kwa mshazari, akilivuka anarudi kwenye mwelekeo wake, kisha anarudia. Safari inarefuka na petroli inakwenda. Ndiyo maana hesabu salama ya mafuta ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya dharura. Muulize ana madumu mangapi, kisha uyaone.

Masika hatari ni nyingine. Wingu jeusi likifuatwa na upepo wa baridi wa ghafla, dhoruba imefika. Nahodha anayeahirisha safari kwa sababu hiyo msimtukane. Huyo ndiye wa kusafiri naye kesho.

Tazama na mashine. Nyingi zinazofungwa nje, nyuma ya boti, ni za kuchanganya mafuta: lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Oili ikipungua, injini inanoki, yaani inakwama kwa joto, katikati ya ziwa. Ikizidi, plagi inachafuka na mashine inazimika-zimika. Maji yaliyoingia kwenye dumu hukaa chini, kwa hiyo mashine huwaka vizuri bandarini na kugoma dumu likikaribia kuisha. Pasiwepo boti isiyo na plagi za akiba, spana yake na kitambaa cha kuchujia.

Mzigo ukae chini, ufungwe kamba, na watu wasikae juu yake, maana uzito ukipanda juu boti inayumba hadi inapinduka. Maji yakiwa yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni, shuka. Jaketi okozi livae kabla ya kuondoka na ukaze mikanda. Mwombe mtu alivute mabegani kwenda juu: likifika puani, ni kubwa kwako na majini litakuvuka. Wimbi likija, kaeni. Kukimbilia upande mmoja kumezamisha boti ambazo wimbi lenyewe lisingeziweza.

Ondoka saa 12 alfajiri. Kukiwa shwari utafika saa 8 mchana kwa saa yetu, ambayo kwa Kalemie ni saa 7, kwani wako nyuma saa moja. Ofisi zitakuwa wazi.

Ukifika, maji ya ziwa usiyanywe hata yakiwa maangavu kiasi gani. Kipindupindu hakijakauka Kalemie wala Uvira, kwa hiyo chemsha, au beba dawa ya maji kutoka nyumbani. Dola zinapokelewa pamoja na faranga, ila noti iliyochanika hata kidogo pembeni watairudisha, na za dola moja moja wengi hawazitaki.

Wakati wa kurudi, tafuta tena muhuri wa kutoka, safari hii wa kwao. Kama umenunua vitenge, risiti ikae mfukoni pamoja na pasipoti, isiwe ndani ya furushi, maana forodha ya Kigoma itaiomba kabla hujafungua mzigo.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma