Mwanangu, uliniuliza umsikilize nani

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Ngamiani hatujambo. Goti la mama yako limepoa kidogo, naye anakusalimu sana.

Ujumbe wako niliusoma baada ya isha, nikaurudia alfajiri. Umesema mjomba wako anataka urudi Tanga ushike mkataba wa mwaka mmoja wa fundi umeme, kwenye kampuni yenye kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Mwalimu wako wa chuo anasema stashahada haitoshi, usishike chochote mpaka upate shahada. Shangazi yako anakwambia utulie, uendelee kuomba serikalini mpaka uitwe kwenye usaili. Wenzako wanasema fuata moyo wako. Ukamalizia: "Baba, wote hawa wananipenda. Nimsikilize nani?"

Jambo hili lilinishinda kulijibu kwa simu. Acha nianzie kwa babu yako.

Babu yako alikuja Tanga mwaka 1951, manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, kutoka Songea. Alikata mkonge kwenye shamba moja njia ya Muheza, majani 30 kila tita, mpaka viganja vikawa kama gome la mti. Mimi nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1983, alikuwa ameshanitafutia nafasi ya ukarani pale korona, kiwanda cha kusaga majani ya mkonge. Alikuwa na hakika. Aliniambia meli haiendi bila kamba, na kamba ni mkonge. Wala hakuwa mjinga. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, tukiwa wa kwanza duniani. Yeye aliyaona kwa macho yake marobota yakishuka bandarini kwa treni. Kamba ya plastiki, iliyokuwa ikitengenezwa mbali kwa bei ndogo, hakuiona, kwa sababu ukiwa katikati ya shamba huoni kinachopikwa ng'ambo. Siku aliyoniita korona, mashamba mengine yalikuwa yameshageuka pori. Nikakataa, nikaenda bandarini kuwa karani wa kuhesabu mizigo. Alininunia miezi.

Mzee huyohuyo alinipa neno lingine ambalo nimelishika zaidi ya miaka 40: usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyoijua. Yeye aliliweka lake akidhani anakwenda msimu mmoja tu, akakuta mambo ni mengine. Nimewaza sana kwa nini shauri lake la kwanza lilioza na hili bado ni zima. Lile la korona lilihusu bei ya kitu, na bei haimsubiri mtu. Hili lilihusu mtu mnyonge, karatasi, na mwenye kalamu. Hapo sijaona kilichobadilika tangu 1951.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka 2008 kaka yako alitaka kusomea mitambo ya bandarini. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia bandari yetu ni ya matishali: meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye tishali ndipo uletwe gatini, hapo hakuna maisha. Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka 24, nani angenibishia? Akaacha. Leo kina kimechimbwa mpaka mita 13, meli inafunga kwenye gati la mita 450, na vijana wanaoendesha mitambo ni rika lake. Hajanilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu kila nikipita barabara ya bandari. Nilidhani naijua kesho ya bandari, kumbe nilichokuwa nakijua ni uchovu wangu. Kwa hiyo hata haya ninayokuandikia, yapime.

Mjomba wako anakupenda, lakini habari za mafuta amezipata barazani. Bomba lile ni la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kulijenga kunataka watu maelfu. Kuliendesha kunataka wachache. Anayekwambia Tanga imefunguka hajakwambia wewe utakuwa wapi wajenzi wakishaondoka. Nasikia kwake sauti ya babu yako na kamba zake za meli.

Shangazi yako alimaliza chuo wakati ambapo mtu akimaliza alipangiwa kituo. Alipangiwa, akafundisha, akastaafu, na pensheni yake inaingia. Anakushauri kutoka mahali penye amani, naye hasemi uongo, anasimulia maisha yake. Endelea kutuma maombi hayo, ila usikae kitako ukiyasubiri.

Mwalimu wako nampa haki zaidi. Ni kweli kuna mlango utafika utaambiwa lete shahada. Lakini mwulize: nikianza mwaka huu nitasoma kwa fedha gani, na ukiwa mkopo wa elimu ya juu, mshahara ukianza kukatwa asilimia 15 nitabaki na nini? Kama anayo hesabu, kaa naye uisikilize mpaka mwisho. Kama hana, shahada haikimbii, unaweza kuifuata ukiwa na kazi mkononi.

Hao wa moyo sina ugomvi nao. Moyo wako tuliujua ulipokuwa na miaka tisa, ulipofungua redio ya bibi yako kwa kisu cha mezani na ikaimba tena.

Kuna mtu mmoja hukumtaja. Wakati wangu, pale getini bandarini alikuwapo mama mmoja akiuza chapati na chai, na daftari lake la mkopo lilijua mambo kuliko ofisi. Mshahara ukichelewa yeye ndiye wa kwanza kujua, maana madeni hayalipwi. Kampuni ikianza kuyumba, wateja wanahama kutoka chapati mbili kwenda moja. Hakuwahi kumshauri mtu kuhusu kazi, na hakuna aliyemwuliza. Mimi nilimwuliza mara moja, mwaka 1996, nilipotaka kuhamia kwa wakala mmoja wa mizigo. Akanionyesha kurasa tatu za majina ya watu wa pale, hakuna aliyelipa. Nikabaki nilipo. Wakala yule hakumaliza mwaka.

Basi kabla hujajibu, panda basi la Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi twende wote Chongoleani, tukae wanapokunywa chai mafundi. Waulize mshahara unaingia tarehe ngapi, na michango yao ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wameiona kweli imeingia au wanaambiwa tu. Uliza pia fundi mpya anashikishwa nini. Kama ni kuvuta nyaya mwaka mzima, utatoka ulivyoingia. Kama utafunga mota na kufungua paneli za kuendeshea mitambo, mikono hiyo itatakiwa kiwandani kwenye saruji, itatakiwa bandarini, hata korona za mkonge zinazofanya kazi bado zina mota, na mafuta yakienda au yasipokwenda wewe utakula.

Na mkataba uje nao mzima, kurasa zote, siyo picha ya ukurasa wa mwisho. Miwani yangu mpya nimeshaichukua. Tutausoma mstari kwa mstari baada ya swala ya Ijumaa, mama yako akiwepo.

Baba yako