Maji yanayopenya kwenye udongo: mmeuliza, tunajibu

Lambo letu huku Urambo lina tuta la mita 3. Chini ya tuta, upande wa nje, maji yanachuruzika. Tuzibe kwa udongo wa mfinyanzi?

Upande huo msizibe hata kidogo. Kingeni maji hayo kwenye chupa, yatulie usiku kucha. Yakiwa maangavu bila mashapo, msiogope, maana hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji. Endeleeni kupima kila wiki: ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi?

Mkikuta mchanga au tope chini ya chupa, udongo umeanza kuhama. Maji huchimba tundu kuanzia nje, likirudi nyuma hadi lifike lamboni, na tuta linaweza kukatika kwa saa chache. Punguzeni maji ya lambo, waondoeni watu walio bondeni, na siku hiyo hiyo toeni taarifa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika.

Mfinyanzi ukibandikwa nje hufungia maji ndani ya tuta; msukumo unapanda na maji yanatokea kwingine. Panapochuruzika panahitaji chujio linaloachia maji na kushika udongo. Ondoeni nyasi na majani, tandikeni kitambaa cha jiotekstaili (kitambaa cha nyuzi za plastiki cha kuchujia maji), kile kinene kama blanketi, kikilalia udongo bila uwazi, kivuke eneo lililolowa kwa mita 1 kila upande. Vipande vipandane sentimita 50. Juu yake mwageni kokoto sentimita 30, kisha mawe ya kukandamiza. Kitambaa kisiachwe juani, kwani jua hukila. Viroba vya mbolea si mbadala: huoza juani na matundu yake hayana kipimo cha kuaminika.

Mfinyanzi una kazi yake upande wa ndani, unaoguswa na maji. Mchanga unaweza kupitisha maji mara 100,000 kuliko mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Na tafadhali, msipande miembe juu ya tuta: mizizi ikifa na kuoza, huacha njia za maji.

Nachimba bwawa la samaki Sikonge, udongo ni kichanga. Ninunue karatasi ya plastiki ya ukubwa gani?

Pima chini, kisha ongeza miteremko na sehemu ya kufukia ukingoni. Bwawa la mita 12 kwa 10 juu, kina 1.5, mteremko wa 1 kwa 1 (kila mita 1 kwenda chini, mita 1 kwenda ndani), sakafu yake ni mita 9 kwa 7. Kila mteremko una mita 2.12, kufukia kwenye mtaro wa ukingoni, mita 1 kila upande. Urefu: 9 + 4.24 + 2 = 15.24. Upana: 7 + 4.24 + 2 = 13.24. Nunua 15.5 kwa 13.5. Ondoa mawe na visiki kwanza.

Usilikaushe bwawa wakati wa mvua nyingi. Maji ya ardhini yakipanda juu ya sakafu, yatainua karatasi, na huenda ikachanika.

Barabara ya mtaa wetu inapita mbugani, penye tope, kila mwaka tunamwaga changarawe na inazama.

Changarawe inazama kwa sababu tope linapanda na kuingia kati yake. Tandikeni jiotekstaili kabla ya kumwaga, vipande vipandane mita 1 palipo laini sana. Lori lisikanyage kitambaa kitupu: limwage kwa nyuma, likitembea juu ya changarawe iliyokwisha sambazwa. Mitaro ya pembeni ichimbwe kwanza.

Ukuta wangu wa kuzuia udongo mlimani Kigoma umeegemea mbele baada ya mvua. Niongeze nondo?

Shuku maji kwanza. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 3, yanausukuma kwa takriban tani 4.5 kwa kila mita ya urefu, mbali na uzito wa udongo wenyewe. Ukuta ulioegemea usichimbwe nyuma bila kuwekewa nguzo za kuushikilia, na fundi mhandisi aukague kabla ya yote.

Ukijenga upya, weka nyuma yake kokoto unene wa sentimita 30 zilizofungwa kwa jiotekstaili, bomba lenye matundu chini likielekea nje, na mabomba ya inchi 3 yakitoboa ukuta kila mita 2, yakiinama kidogo kuelekea mbele. Bila kitambaa, udongo mwekundu utaziba kokoto.