Dhahabu kubanduka kwenye silikoni: angalia ile pembe ya klipu

Ndugu, unasema umepaka dhahabu nanomita 100 juu ya wefa ya silikoni, kile kisahani chembamba, ukaisuuza kwa asetoni, ikatoka yote ikaelea kama magamba ya samaki. Na wefa uliisafisha. Nakuamini, maana yalinikuta mimi, tena mara mbili.

Silikoni ikikaa hewani hujivika oksidi nyembamba, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, nanomita 1 au 2. Dhahabu haina haja na oksijeni, kwa hiyo hapo juu imekaa tu, haikushika. Tanguliza kromi au titani, nanomita 5 hadi 10 zatosha. Hizo zina uchu wa oksijeni: chini zinaing'ang'ania oksidi, juu dhahabu inashikana nazo, metali kwa metali. Alumini haihitaji haya yote, inashika yenyewe.

Mara ya pili kromi niliiweka, na bado ikabanduka! Mashine yetu ilikuwa na kijiko kimoja tu cha kuyeyushia. Nikapaka kromi, nikafungua chemba, kile chumba cha mashine kinachotolewa hewa, niweke dhahabu, nikaona nipitie chai kwanza. Kurudi, hewa imeshaingia, kromi imeshajivika oksidi yake, nami nikaimwagia dhahabu juu kama mjinga. Nilipobandika selotepu na kuivuta, dhahabu ilikuja nayo safi kabisa.

Kilichonizindua ni ile pembe ya wefa iliyobanwa na klipu inayoishikilia mashineni, ambapo metali haikufika. Nililinganisha rangi: palipobanduka palikuwa na kijivu kidogo, pembe haina. Basi kromi ilibaki, iliyoachia ni dhahabu. Kama pangefanana, ningejua kosa liko chini, yaani uchafu au maji.

Maji nayo si ya kupuuza. Niko nyumbani Lamu likizo, naandikia simuni, na hapa hata chumvi mezani inalowa. Mjomba wangu Matondoni hagusi brashi mpaka mbao za jahazi zikauke. Wefa nayo ipashe moto nyuzi 150 dakika kadhaa, kisha chemba moja kwa moja.

Ila ukishapaka usiipashe ovyo. Dhahabu na silikoni zikikutana huyeyuka pamoja kwenye nyuzi 363 hivi, na kromi nayo hupenya dhahabu ikapanda juu.

Mashine yako ina vijiko vingapi? Na hiyo pembe ya klipu ina rangi gani?