Mzima kwa macho, mgonjwa kwa ndani: maswali yenu kuhusu samaki na uchafuzi wa bahari

SWALI: Ikiwa bahari imechafuka kama tunavyoambiwa, mbona samaki wanaovuliwa wengi wanaonekana wazima?

JIBU: Samaki aliyezidiwa na sumu huliwa au huzama kabla ya kufika wavuni. Aliyebaki anaweza kuwa na magamba yanayong'aa huku ini lake limeharibika.

Tazama mafuta ghafi. Yana kemikali zenye pete za benzini (atomi za kaboni zilizoungana kwa duara), na mikrogramu chache tu za kemikali hizo katika lita ya maji zinatosha kuvuruga moyo wa kiinitete cha samaki ndani ya yai. Ukikitazama kwa hadubini unaona maji yamejaa kuuzunguka moyo, nao umenyooka kama uzi badala ya kujikunja. Wengine huanguliwa wakiwa na sura ya kawaida, ila moyo wao hauwezi mwendo wa kasi, na samaki asiyeweza kukimbia ni chakula cha mwenzake. Madhara haya kwa mayai ya heringi na samoni yalichunguzwa sana baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989.

Kemikali hizohizo zikituama kwenye tope, anayeumia ni samaki wa chini. Katika Puget Sound, Marekani, samaki bapa jamii ya gayagaya walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Tope chafu la ghuba ndogo ya Eagle Harbor lilianza kufunikwa kwa mashapo safi mwaka 1993, na vidonda vya ini vikapungua sana miaka iliyofuata. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba bahari ikishachafuka basi tena.

SWALI: Nikitoa matumbo na kuosha vizuri, sumu inatoka?

JIBU: Inategemea ni sumu gani. Vipande vingi vya plastiki hukaa tumboni, hivyo hutoka na matumbo. PCB, yaani kemikali za viwandani, hukaa kwenye mafuta ya mwili wa samaki. Ukiondoa ngozi na mafuta ya tumbo unazipunguza. Zebaki haitoki. Bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo hushikamana na protini ya mnofu, kwa hiyo kuosha, kukaanga au kuchemsha hakusaidii. Huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine, ndiyo maana papa na nduaro huwa nayo nyingi kuliko dagaa.

SWALI: Tumekuta samaki wengi wamekufa wakielea. Tutajuaje kama ni sumu au maji yamekosa hewa?

JIBU: Anzeni na saa na ukubwa. Kiwango cha oksijeni majini huwa kidogo kuliko wakati wowote kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mwani hupumua usiku kucha bila kuitengeneza. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawawezi kuvumilia. Wakubwa hutangulia kufa, wadogo huonekana juu wakihema, na maiti huwa midomo wazi na matamvua yametanuka. Sumu haingoji alfajiri, na mara nyingi wadogo ndio hutangulia. Hizi ni dalili tu; uthibitisho hutoka maabara, kwa hiyo pimeni oksijeni hapohapo kisha mchukue sampuli.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukueni samaki anayekata roho au aliyekufa punde, ambaye matamvua bado ni mekundu. Aliyeoza hana ushahidi. Wa kupimwa mafuta, dawa za kuua wadudu au PCB afungwe kwa foili safi, kwa sababu plastiki inaweza kuongeza kemikali zake. Wa kupimwa metali afungwe kwenye mfuko safi wa plastiki. Hao wagandishwe. Ini na matamvua ya kutazamwa kwa hadubini yasigandishwe kamwe, maana barafu hupasua seli: kateni vipande visivyozidi nusu sentimita kwa unene, mviweke kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wa vipande hivyo, mkiwa na glavu na mahali penye hewa.

Maji yajazwe hadi juu kwenye chupa ya kioo ya rangi nyeusi au kahawia, yakae kwenye ubaridi. Chukueni pia sampuli za pili mahali ambapo samaki hawajafa. Bila hizo, maabara haina cha kulinganisha. Lebo iandikwe kwa penseli: mahali, tarehe, saa, aina ya samaki. Wino wa kalamu hufutika kwenye formalini.