Re: Dawa hakuna hospitali ya kaunti, mbunge wangu anaweza kuuliza bungeni?

Pole sana dada kwa hiyo ya mama kuambiwa akanunue dawa nje. Mbunge wako anaweza kuuliza, lakini hapo utazungushwa, kwa sababu tangu katiba ya Kenya ya 2010 hospitali za kaunti na zahanati ziko chini ya gavana, serikali kuu imebaki na sera na zile kubwa za rufaa kama Kenyatta. Kwa hivyo anza na MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, bunge la kaunti ndilo linapitisha bajeti ya hizo dawa, halafu seneta, maana Seneti ndiyo inaita magavana wajibu maswali ya ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, sasa hayo ndiyo ya mbunge, amuulize waziri.

Na usingoje huruma ya mtu, kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Mimi mwaka jana nilitumwa glavu na dripu kemisti ng'ambo ya barabara saa nane usiku, mtoto anatetemeka kwa benchi, na zile risiti nimeziweka hadi leo. Weka zako pia, andika na tarehe.