Uzamivu wa uhandisi mitambo Ujerumani: ajira au ufadhili?

Ndugu, umeuliza kama kwa shahada ya uzamivu ya uhandisi mitambo nchini Ujerumani ni heri kuomba ufadhili au kutafuta ajira chuoni, na kama kuna masomo ya darasani. Mimi nilipitia njia ya ajira.

Darasani karibu hakuna. Katika vyuo vikuu vya ufundi kama vya Aachen na Darmstadt, wengi wanaoitafuta Dr.-Ing., yaani udaktari wa uhandisi, shahada ambayo vyuo vya ufundi vya Prussia viliruhusiwa kuitoa mwaka 1899, ni waajiriwa katika taasisi ya profesa: wana mkataba, mshahara wa daraja la E13 katika ngazi za mishahara ya utumishi wa umma, na majukumu ambayo si yote yanayohusu tasnifu, kwani utasimamia mazoezi ya wanafunzi na kuiandikia ripoti kampuni iliyogharimia mradi. Ndiyo maana miaka minne hadi sita ni jambo la kawaida. Mwenye ufadhili, tuseme wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, ana muda wake mwenyewe, ila hahesabiwi kuwa mwajiriwa, hachangii mfuko wa pensheni, na mara nyingi mtambo wa majaribio anaoutegemea ni mali ya mradi wa mwenzake.

Mtambo huo ndio unaoamua utahitimu lini. Katika fani yangu ya uhamishaji joto, mtafiti huchora kwanza mfereji wa majaribio, huupeleka mchoro karakana na kusubiri zamu, kisha husawazisha themokapo (vipima joto vya nyaya mbili za metali) moja baada ya nyingine, yaani hulinganisha vipimo vyake na kipimo cha kuaminika. Themokapo ya aina ya K, hata ya daraja la kwanza la usahihi, inaruhusiwa kukosea hadi nyuzi 1.5 za Selsiasi katika joto lisilozidi nyuzi 375. Ikiwa tofauti unayoitafuta ni nyuzi mbili, bila usawazishaji hujapima kitu. Kukadiria ukubwa wa makosa ya vipimo kunaweza kuchukua sura nzima ya tasnifu, na watahini huisoma sura hiyo kwa makini kuliko hitimisho. Tasnifu yenyewe unaweza kuiandika kwa Kiingereza, lakini fundi wa karakana utazungumza naye Kijerumani.

Kabla ya kutia saini, muulize profesa kama mtambo upo au utajengwa, fedha za mradi zinakwisha lini, na waliotangulia walihitimu baada ya muda gani. Kisha waulize hao waliotangulia maswali yaleyale. Mtambo ukiwapo na fedha zikitosha miaka mitatu au zaidi, chukua ajira. Ikiwa bado utajengwa na mkataba ni wa miaka miwili, mimi ningeomba ufadhili kwa mada ya ukokotoaji wa kompyuta, isiyohitaji mtambo.